Eti Mtu Mzima Analilia Farasi

Wiki iliyopita nilinaswa nikilia chumba cha habari. Siyo kulia kwa sauti, la hasha. Ni yale machozi ya kujifuta haraka kwa mkono wa shati huku ukijifanya mafua yamekubana. Ilikuwa saa tatu usiku, kurasa zimeshafungwa, mhariri keshaondoka, nimebaki mwenyewe na video ya zamani kwenye kompyuta. Kaka mmoja wa dawati la michezo, aliyenitangulia kwenye kazi hii kwa miaka mingi tu, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Dogo vipi, kuna msiba?"

"Hapana kaka. Farasi."

Basi. Tangu usiku ule ofisini sina jina, naitwa Mfiwa. Nikiingia asubuhi, pole Mfiwa. Nikienda mgahawani, mama ntilie naye keshaambiwa, ananiuliza mazishi lini. Nimecheka nao, sina shida na utani. Ila lipo neno moja alilosema yule kaka ambalo halikuwa utani, nami nimekaa nalo wiki nzima: "Watu wanakufa barabarani kila kukicha, wewe machozi yako unampa farasi wa mzungu aliyekufa ukiwa darasa la pili?"

Ni kweli nilikuwa darasa la pili. Farasi mwenyewe aliitwa Barbaro, na alikufa tarehe 29 Januari 2007 huko Pennsylvania, Marekani. Mimi mbio za farasi sijawahi kuziona kwa macho yangu. Farasi niliowahi kuwasogelea ni wale wa polisi hapa Dar, na hao nao niliwasogelea kwa tahadhari. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba ni mpenzi wa mchezo huo. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa mtandaoni, nikaangukia video ya dakika chache, nikabaki hapo mpaka usiku wa manane nikisoma.

Kwa wasiomjua. Barbaro alizaliwa Aprili 2003 Kentucky, farasi dume wa rangi ya kahawia iliyokolea, mali ya mzee Roy Jackson na mkewe Gretchen. Jina walilitoa kwenye picha ya zamani ya mbwa wa kuwinda iliyokuwa nyumbani kwao, kila mbwa kaandikwa jina lake, mmojawapo Barbaro. Alikimbia mbio sita akashinda zote sita. Ya sita ilikuwa Kentucky Derby, tarehe 6 Mei 2006, farasi 20 uwanjani, watu zaidi ya 157,000 wakitazama. Kwa Wamarekani hiyo ndiyo mbio ya mbio, na farasi hupata nafasi moja tu maishani, akiwa na umri wa miaka mitatu. Barbaro alishinda kwa umbali wa farasi sita na nusu wakipangwa kichwa kwa mkia. Pengo kubwa namna hiyo halikuwa limeonekana kwenye Derby tangu mwaka 1946. Mpanda farasi wake, Edgar Prado kutoka Peru, wala hakuwa na haja ya kumchapa.

Na kocha wake? Hapa ndipo nilipoacha kabisa ile kazi niliyokuwa naifanya. Kocha aliitwa Michael Matz. Alikuwa mpanda farasi wa kuruka viunzi, akapata medali ya fedha na timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Lakini kabla ya hapo, Julai 1989, alikuwa abiria kwenye ndege ya United namba 232 iliyoanguka Sioux City, Iowa, na kuua watu 112 kati ya 296. Matz alitoka mzima. Akatoka na watoto watatu wa familia moja waliokuwa wakisafiri peke yao, akawaongoza mpaka nje ya moshi, kisha akarudi ndani kumtafuta mtoto mchanga aliyekuwa akimsikia analia. Mwandishi yeyote anajua habari kama hii inajiandika yenyewe. Mwezi ule wa Mei magazeti ya Marekani hayakuwa na kingine cha kuandika: shujaa na farasi wake asiyeshindwa, wanaelekea kutwaa mataji matatu ambayo hakuna farasi aliyeyachukua yote kwa mwaka mmoja tangu 1978.

Taji la pili linaitwa Preakness, hukimbiwa Baltimore wiki mbili baada ya Derby. Tarehe 20 Mei 2006, watu 118,000 na ushei. Barbaro alivunja lango na kutoka kabla ya wakati, wakamrudisha wakamkagua, wakaona yuko sawa. Lango likafunguliwa kweli. Hakwenda hata mita mia mbili. Mbele ya jukwaa lenye watu, mguu wake wa nyuma wa kulia ukavunjika.

Video niliyoitazama ndiyo hiyo. Prado anavuta hatamu kwa nguvu zake zote, anamsimamisha, anaruka chini, anamwegemea kwa bega ili asianguke. Na farasi, mguu wake unaning'inia, kila mara anautupa mbele. Hajui kilichotokea. Wenzake wanakimbia, na yeye maisha yake yote hajawahi kuwaona wenzake wakiwa mbele kiasi kile. Alitaka kuwafuata. Hapo ndipo kaka wa michezo aliponikuta.

Sasa ngoja nijibu swali ambalo najua mnaliuliza, kwa sababu na mimi niliuliza: mguu umevunjika, si uufunge plasta, alale apone? Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, ndivyo tulivyofundishwa. Farasi hana zizi la namna hiyo. Ana kilo kama 500 zimebebwa na miguu myembamba, na hawezi kulalia ubavu siku nyingi, mwili wake wenyewe utamuumiza. Lazima asimame. Akisimama kwa miguu mitatu, ule mguu mzima unaobeba uzito wa mwenzake nao unaanza kuharibika: nyama laini inayoshika kwato na mfupa inavimba, inaachia, na mfupa unaanza kushuka ndani ya kwato. Kwa hiyo anayekufa kwa kuvunjika mguu mara nyingi hauawi na mguu uliovunjika. Ndiyo maana desturi uwanjani ni kuzungusha pazia, daktari wa mifugo anachoma sindano, lori linaondoka, mbio inayofuata inaanza.

Barbaro hakuzungushiwa pazia. Alipelekwa hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kesho yake daktari Dean Richardson akamfanyia upasuaji wa zaidi ya saa tano. Mfupa mmoja ulikuwa umesagika vipande zaidi ya 20. Akawekewa bamba la chuma na skrubu 27. Akazinduliwa akiwa kwenye bwawa la maji, anaelea kwenye boti la mpira, asije akarusha mateke akauvunja tena. Daktari alipoulizwa akasema kupona kwake ni kama kurusha shilingi hewani. Na Wamarekani wakaanza kungoja. Wakatuma maua, karoti, tufaha, kadi za watoto wa shule, hata maji ya baraka. Kila siku taarifa: kala, kalala vizuri, joto la mwili limeshuka. Mwezi Julai ukaja ule ugonjwa wa kwato kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, ule uliokuwa mzima, wakaondoa karibu asilimia 80 ya kwato. Akaishi. Akawa anatolewa nje kula nyasi. Ikafika Desemba watu wakaamini ameshapona. Januari miguu ya mbele nayo ikaanza, yote miwili, na hapo hakubaki na mguu wa kusimamia.

Miezi minane. Rais wa nchi akiumwa hapati taarifa za namna ile.

Na hapa hoja ya kaka yangu inaingia, na siyo hoja ya kijinga. Miezi hiyo hiyo minane Wamarekani walikuwa na vita Iraki. Walikuwa na watu wa New Orleans ambao bado walikuwa wanaishi kwenye matela baada ya kimbunga Katrina. Hata huko kwao walikuwepo waliouliza: maua yote haya, ya mnyama? Nasi tusio Wamarekani tuna swali letu la ziada. Ipo hospitali ngapi kwetu ambayo mtu aliyevunjika mguu atapata upasuaji kesho yake asubuhi, na bwawa la kuzindukia?

Wapo pia waliosema yale hayakuwa mapenzi, ni biashara. Farasi aliyeshinda Derby anauza mbegu, na kwa farasi wa aina yake sheria za usajili hazikubali mbegu ya sindano, lazima apande mwenyewe. Kwa hiyo mguu wa nyuma ulikuwa ni mamilioni ya dola. Akina Jackson wao walisema mara zote kwamba walitaka aishi tu bila maumivu. Mimi naona mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli, na lililo kweli zaidi ni hili la tatu: farasi asiye na jina akivunjika mguu ule ule, siku ile ile, kwenye kiwanja cha mkoani, angechomwa sindano kabla vumbi halijatulia. Hata farasi wana matajiri na makabwela wao.

Lakini bado sikubali kwamba nilikosea kulia.

Hoja ya "kwa nini umlilie huyu na siyo wale" inachukulia huzuni kama gunia la mchele, kwamba kilo utakayompimia farasi umempunguzia binadamu. Maishani mwangu sijaona ikifanya kazi hivyo. Babu yangu alikuwa na maksai wa kulimia aliyeitwa Komando. Komando akavunjika mguu kwenye mtaro, akachinjwa jioni ile ile, kijiji kizima kikala nyama. Babu hakula. Alikaa nyuma ya ghala mpaka wageni walipoondoka, na mwaka ule akalima kwa jembe la mkono wakati fedha ya kununua maksai mwingine alikuwa nayo. Babu huyo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila msiba pale kijijini na wa mwisho kuondoka. Sidhani kama Komando alimpunguzia mtu chochote. Na hakuna aliyemcheka, kwa sababu wote wanajua mnyama aliyekulimia miaka tisa ni nani kwako. Tunachocheka kwa Wamarekani siyo kwamba wanalilia mnyama, ni kwamba mnyama mwenyewe ni wa anasa.

Haya, hilo tuwape. Ni mnyama wa anasa. Lakini anasa ni ya nani? Barbaro hakuomba kukimbia Baltimore. Farasi hawa huzaliwa kwa hesabu, wanaanza kushindanishwa wakiwa na miaka miwili, na wanapendwa kwa sababu wanakimbia mpaka mwisho hata pale wanapotakiwa kusimama. Tunamfundisha mnyama asisimame, kisha anapovunjika tunasema alikuwa na moyo wa ajabu. Hapo ndipo lawama yangu inapoangukia, kwenye kulia bila kuuliza.

Maana kulia tu, hata waliokuwa na hatia walilia. Mwaka 1975 ilikuwa Ruffian, jike aliyeshinda mbio kumi mfululizo. Alivunjika mguu New York mbele ya kamera za taifa zima, wakampasua, akazinduka akirusha miguu kama bado yuko mbioni, akavunja kila kitu, wakamuua usiku ule. Nchi ikalia. Mwaka mmoja na ushei baada ya Barbaro, tarehe 3 Mei 2008, ilikuwa Eight Belles, jike aliyemaliza wa pili kwenye Derby. Alipita mstari wa mwisho, akaanza kupunguza mwendo, miguu yote miwili ya mbele ikavunjika, akauawa pale pale kwenye njia ya mbio. Nchi ikalia tena. Halafu yupo Ferdinand, ambaye habari yake ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko hata ya Barbaro. Ferdinand alishinda Derby mwaka 1986, na mwaka uliofuata akatangazwa farasi bora wa Marekani. Akauzwa Japani kwenda kuzalisha, mbegu yake haikupata wateja, na inaaminika mwaka 2002 alipelekwa machinjioni. Habari ilifika kwao mwaka uliofuata, tena kwa sababu mwandishi mmoja alikwenda kuulizia. Bingwa yule yule, Derby ile ile. Huyu alikosa tu kuvunjika mguu mbele ya kamera.

Nikawatafuta waombolezaji wa Barbaro, walikwenda wapi baada ya mazishi. Nilidhani watakuwa wamerudi nyumbani. Wengi walirudi bila shaka. Lakini wapo waliokuwa wamezoeana katika ile miezi minane ya kungoja taarifa, watu wasiojuana kabisa, na farasi alipokufa hawakuachana. Wakajiita Fans of Barbaro. Wakaanza kuchanga fedha, wakawa wanakwenda minadani kununua farasi waliozeeka na walioshindwa, wale ambao mnunuzi mwingine ni mtu wa machinjio. Farasi ambao hawajawahi kushinda chochote. Mwaka huo huo wa 2007 machinjio matatu ya mwisho ya farasi Marekani, mawili ya Texas na moja la Illinois, yakafungwa kwa nguvu ya sheria za majimbo. Haikuwa mwisho wa biashara, malori yaliendelea kuvuka mpaka kwenda Meksiko na Kanada. Lakini wale wachangaji nao hawakuacha.

Na wenye mchezo wakalazimika kuhesabu. Hilo kwangu ndilo kubwa. Baada ya Barbaro na Eight Belles, chama chao kikaanza kukusanya takwimu za nchi nzima za farasi wanaokufa viwanjani. Mwaka 2009 walikuta ni farasi 2 katika kila 1,000 wanaoanza mbio. Mwaka 2022 ilikuwa imeshuka hadi 1.25. Bunge lilipitisha sheria ya usalama ya nchi nzima Desemba 2020, kanuni zake zikaanza kutumika Julai 2022. Kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake, farasi anayekatazwa kukimbia huku anapakiwa kwenye lori anakimbia kule. Msinielewe vibaya, haijaisha. Mwaka 2019 farasi 30 walikufa katika msimu mmoja Santa Anita, California. Mwaka 2023 farasi 12 walikufa Churchill Downs kwenyewe, nyumbani kwa Derby, katika wiki chache, mpaka mbio zikahamishiwa kiwanja kingine. Lakini sasa wanahesabiwa, wana majina, na mtu mmoja lazima asimame mbele ya waandishi ajibu.

Nikamwambia kaka haya yote. Akaniuliza, "Na hao wa barabarani?"

Hapo akanipata. Kwa sababu hao wa barabarani mimi ndiye ninayewaandika. Nilitoka nikafungua habari yangu ya mwisho ya ajali ya basi. Idadi ya waliokufa ipo. Namba ya gari ipo. Aina ya gari ipo, chanzo kipo, ni mwendokasi, kama kawaida. Jina la kamanda wa polisi lipo na cheo chake, jina la mganga mkuu lipo. Aliyekufa hata mmoja hana jina. Mhariri alinipongeza kwa kuwahi. Sikupiga simu siku ya pili, sikuuliza basi lile lilikaguliwa lini, sikujua hata majeruhi walipona au la. Barbaro alipata taarifa miezi minane, wale nikawapa aya nne.

Kwa hiyo kaka, kama unanisoma: hujakosea kwamba wale wa barabarani wanastahili machozi. Ila usimnyang'anye farasi ili kuwapa wao, hayatawafikia. Wasomaji wetu siyo watu wasio na huruma. Watu waliomlilia farasi wa Pennsylvania miezi minane waliambiwa jina lake, alikula nini jana, nani alimshika alipoumia. Sisi tunawapa wasomaji idadi, kisha tunawashangaa wakifungua ukurasa wa michezo. Na ukurasa wa michezo ni wako, usinune.

Majivu ya Barbaro yalizikwa Churchill Downs, na sanamu yake ya shaba ikazinduliwa juu yake Aprili 2009. Imemchonga akiwa mbioni, kwato zote nne ziko hewani, hakuna mguu unaogusa chini. Wenyewe akina Jackson walitaka awekwe nje ya geti, ili anayetaka kumwona asilipe kiingilio.

Mimi kesho nina zamu ya polisi na mahakama. Nimemwomba mhariri, ikitokea ajali, aniongezee siku moja na nafasi ya majina. Amesema ataona. Wenye kutaka kuendelea kunipa pole, napokea.